Kaskazini Iko Chini

Odhis,

Nimekukasirikia. Nianze hapo, maana ukingoja nianze na maneno matamu utangoja sana. Tangu tukupeleke kwenu Siaya na kukufunika udongo, kila mtu ananiuliza kama niko sawa, nami najibu niko sawa. Kisha nafungua kompyuta, naiona ramani yako, na hasira inarudi upya.

Hebu niambie, nani huita tabaka la picha "Mambo"? Ramani nzima ya mchezo wetu umeipanga tabaka juu ya tabaka, mito, barabara, maghala, mashamba, na majina uliyoyapa ni Mambo, Mambo Mpya, Mambo ya Mwisho, na Mambo ya Mwisho Kabisa. Nikificha Mambo Mpya, barabara ya kwenda Moi's Bridge inapotea. Nikifungua Mambo ya Mwisho Kabisa, nakuta ng'ombe. Ng'ombe, Odhis! Mchezo wetu unaitwa Gunia, watu wanashindana kushika mashamba na barabara na kufikisha mahindi ghalani kabla mvua haijayaharibu. Hakuna ng'ombe popote kwenye sheria zake. Nilipokuuliza wanafanya nini pale ulisema, "Wanakula. Si wako shamba?"

Nikueleze hali ilivyo. Kiprop bado anaandika programu, bado anakaa karibu na mlango wa ofisi yetu hapa Eldoret, juu ya duka la mbegu, na hataki mtu akalie kiti chako. Wale wa Nairobi watakaoutoa mchezo walitungoja tulipokuwa msibani, kwa hilo nawashukuru. Halafu wakaandika. Ramani haisomeki kwenye simu, walisema, nirekebishe kufikia wiki ijayo, la sivyo watampa mchoraji wao aanze upya. Aanze upya! Yaani kila mstari ulioupitisha ufutwe, na wewe huna tena mkono wa kuchora mwingine.

Kinachoniuma ni kwamba walikuwa na haki, na nilikuambia hivyo ukiwa hai na masikio yako mawili. Kijani cha mahindi machanga, kijani cha mahindi yaliyochanua, kijani cha miti ya blugamu. Kwako ni rangi tatu. Kwa mtu mwenye simu ndogo aliyesimama juani ni rangi moja, na hajui shamba lake linaishia wapi. Ulinijibu nitembee hadi mashambani nikaangalie vizuri. Odhis, mtu anacheza akiwa kwenye foleni ya benki, atembee hadi mashamba gani?

Basi nikaingia kazini. Nilipunguza kijani, nikampa kila mchezaji rangi yake, nikaweka mstari mnene mipakani na kuyakuza majina. Miti yako niliiondoa mmoja mmoja nikilia na kukutukana, maana ulikuwa umeuchora kila mti kivyake kana kwamba hukuwahi kusikia habari ya kunakili. Nilipofika kwa ng'ombe nilishindwa. Nimemwacha mmoja karibu na daraja, pale hamzuii mtu.

Kisha nikafanya lile tulilogombania tangu tuanze. Niliigeuza ramani, kaskazini ikakaa juu.

Unakumbuka ulivyoichora wewe. Eldoret juu, Moi's Bridge chini kabisa. Nilikuambia Moi's Bridge iko kaskazini yetu na ramani yoyote ya shuleni itaiweka juu. Ukasema, "Shiru, mtu wa Eldy huenda Moi's Bridge aje? Si hushuka?" Nikasema hayo ni maneno ya watu tu. Halafu siku ile mjomba wangu alipotupeleka kwa pikapu yake ukayaone maghala, tulifika kwenye mteremko akaweka gia free kuokoa mafuta, kama kawaida yake. Gari likawa linateleza lenyewe, kimya. Ukanigeukia na hindi la kuchoma mdomoni, ukasema, "Haya, niambie hii ni juu." Mjomba alicheka hadi nikaogopa tutaingia mtaroni. Nilikununia mpaka tukarudi mjini.

Sasa hukuwepo kubishana, nikaona nimeshinda. Kiprop aliitazama akasema iko sawa. Wale wa Nairobi wakasema sasa inaanza kufanana na ramani. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilishinda nimefura siku nzima, nikakulaumu wewe.

Jumamosi niliipeleka mtaa wa Kimumu kwa dada yako Akinyi, aijaribu na majirani zake kabla sijaituma kwa mara ya mwisho. Wote ni wenyeji wa huku. Wengine wana ndugu wanaolima upande wa Moi's Bridge, wengine hununua mahindi huko kila msimu. Niliwapa simu, nikanyamaza, kama ulivyonifundisha. Ulikuwa ukisema ramani inayohitaji mwenyewe asimame kando aieleze bado haijaisha.

Walipotea wote. Kila aliyetaka kupeleka lori Moi's Bridge alishusha kidole, na lori likaelekea Kapsabet, kusini. Wanalisoma jina, wanaona liko juu, na bado kidole kinashuka. Mama mmoja, jirani wa Akinyi, alinirudishia simu akasema, "Hii map yenu imelala vibaya." Halafu mvua ya mchezo ikanyesha, mito ikafurika, na maji yakaanza kwenda Moi's Bridge yakipanda skrini.

Akinyi akatazama. Akatazama tena. "Wee Shiru, maji inapanda? Since when?"

Akacheka. Alicheka hadi akashika meza, ndipo nikagundua sijamsikia akicheka tangu ile simu ya kutoka hospitali. Kisha kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye, na majirani wakabaki wameshika simu zetu, malori yao yote yako Kapsabet.

Nilirudi nyumbani mtaa wa West Indies nikiongea peke yangu njiani. Kuwa kwako sahihi nimekuzoea. Lakini ufe kwa kikohozi ulichosema ni baridi ya Julai tu, ukatae kwenda kupimwa mpaka mapafu yamejaa, halafu uwe sahihi wakati sina wa kumnunia? Huo ni uonevu. Nilitaka uwe pale mlangoni kwa Akinyi ukitafuna, uninyanyulie macho tu vile ulivyojua kunaniudhi. Nimekukosa, Odhis. Nimekukosa hadi nashindwa kufanya kazi, na kazi yenyewe ni yako.

Nimeigeuza tena. Eldoret juu, Moi's Bridge chini, na maji yanateremka kama maji. Rangi ni zangu na mipaka ni yangu, na kuhusu kijani usijidai, haki ilikuwa yangu na nitasema hivyo hadi siku nitakayokufuata. Akinyi ameijaribu upya, mahindi yake yamefika ghalani, na amemshinda Kiprop vibaya sana. Kwenye pembe nimechora mshale wa kaskazini kwa ajili ya watu wa Nairobi. Unaelekea chini.

Niliwatumia jana. Wamejibu kwa kuuliza kama mshale tumeukosea. Kiprop, ambaye hajaongea la maana tangu msiba, alisoma nyuma ya bega langu akasema, "Waambie huko ndio hushuka." Nimewaandikia hivyo hivyo. Nimeongeza kwamba aliyeichora ni wewe, kwamba jina lako litakaa kwenye mchezo, na kwamba tukilazimishwa kuigeuza tutauchukua mchezo wetu tuutoe wenyewe, hata kama watakaoucheza ni watu wa Kimumu peke yao. Hawajajibu. Naogopa. Ila kwa mara ya kwanza katika ugomvi huu niko upande wako, na hukupata nafasi ya kuniambia "si nilikuambia". Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Nakuahidi hakuna atakayeigeuza ramani yako mimi nikiwa hai. Matabaka yako nimeyapa majina ya watu wazima, Mito, Barabara, Mashamba, Maghala. Lile la ng'ombe tu sijalibadilisha jina. Linaitwa Mambo ya Mwisho Kabisa, na litabaki hivyo.

Shiru