Bia Chungu Mbele ya Baba Mkwe

Shangazi Evarista, shikamoo.

Naomba unisaidie kabla uchumba wangu haujavunjika, mimi ni Lusia, nina miaka ishirini na saba, natengeneza bia kwenye hoteli ya watalii karibu na Idodi, bia kali, chungu, na nasema bila aibu kwamba ni nzuri, wageni huagiza chupa ya pili kabla chakula hakijafika, basi Jumapili iliyopita mchumba wangu Crispin alinipeleka kwao Nyololo kunitambulisha, nikabeba chupa sita za mkono wangu mwenyewe, nikapiga goti, nikamimina, nikampa baba yake, Mzee Ambrosi, glasi kwa mikono miwili, akanywa funda moja, uso ukakunjamana, akaiweka chini taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, hii dawa ni ya ugonjwa gani?" Watu wakacheka, yeye hakucheka, akaongeza, "Na mbona mwenyewe hukuonja?"

Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke, kwa sababu mama yangu anauza ulanzi, pombe ya mianzi, huko Mafinga tangu sijazaliwa na sijawahi kumwona akimpa mtu kikombe kabla hajanywa yeye kwanza kuonyesha hakina sumu, ila hotelini ukigusa glasi ya mgeni kwa mdomo unafukuzwa kazi, mazoea yakanitawala. Sasa dada zake mzee wanasema nilitaka kummaliza kaka yao, mazungumzo ya mahari yamesimama, na Crispin ananisihi niseme bia ilikuwa imeharibika, yaishe. Nampenda sana. Niseme hivyo?

Lusia, Idodi

Lusia, marahaba.

Nimekuhurumia, halafu nimekukasirikia. Binti wa muuza ulanzi, unampa mkwe kitu kichungu kama mwarobaini bila kuonja! Hata mimi ningeweka glasi chini. Lakini mzee hakukuita mchawi, mama. Alikuuliza swali, na mpaka leo hujamjibu.

Crispin mwambie kwa upendo anyamaze. Ukisema bia iliharibika, umekiri kwamba ulimpa baba yake kitu kibovu, na kazi yako umeizika kwa mdomo wako mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi.

Jumamosi mchukue mama yako mwende Nyololo, na hao dada zake mzee waitwe, wakae mbele kabisa. Mama amimine ulanzi wake, anywe kwanza, ndipo ampe mzee. Kisha zamu yako. Bia ni ile ile, usithubutu kuitia sukari! Fungua chupa mbele yake, mimina, useme, "Baba, nilikosa. Kazini tunakatazwa kuonja glasi ya mgeni, lakini hapa ni nyumbani." Unywe glasi nzima, wala usikunje uso. Halafu mmiminie yake.

Akirudi kwenye ulanzi, usinune, ana haki yake. Huendi kumuuzia bia, unaenda kuwa mtu wa nyumba yake. Yeye alitaka kujua mbona hukuonja. Mjibu kwa kunywa.