Waifai ya Dominiko

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimetoka zamu saa moja asubuhi, miguu si yangu. Chuo wameandika: mtihani wa kujieleza ni Ijumaa saa tisa alasiri, kwa video. Nafasi ya mwisho. Machi picha iliganda katikati ya swali la pili, wakahesabu nimeshindwa. Miaka minne nasoma ukunga baada ya zamu, na nikikosa safari hii digrii ndiyo basi. Nimechoka hata kukasirika.

Na najua kwa nini iliganda. Simu ishirini na kitu zilikuwa kwenye waifai yetu. Paswadi ilitoka kwenye msiba wa mume wangu Dominiko, Januari. Watu walilala hapa siku tatu, wanataka kuwaarifu ndugu wa mbali, shemeji akaiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Chaki nilishafuta. Simu zao hazikusahau. Vijana wanashinda kwenye uzio wangu. Nimwambie nani aache? Hao ndio waliochimba kaburi la Dominiko.

Jumanne, 10 Juni

Ruta niliyoagiza, ya kurushia waifai, imefika na basi la Geita. Yangu mwenyewe! Nimeichomeka kwenye kisanduku cha kampuni ya intaneti kama picha inavyoonyesha. Taa ya kijani ikawaka, nikacheka peke yangu. Nikafungua video — inaganda vilevile. Nimepigia kampuni. Dada mpole kweli, kasema hawahudumii kifaa kisicho chao. Haya.

Jioni kaja Herman wa duka la simu. Kasema, nesi, umenunua ndoo mpya, kisima ni kilekile. Kisanduku cha kampuni bado kinarusha waifai yake, mtaa mzima unachota huko. Dawa ni kuizima hiyo, ruta yangu irushe peke yake, kwa paswadi mpya. Kauliza kama nina hakika. Nikasema zima.

Jumatano, 11 Juni

Kimya. Hakuna mtu kwenye uzio. Nimesoma saa tatu bila kukatika, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mama Blessing, jirani, kapita kuuliza kuna nini. Nikamwambia intaneti imeharibika. Nimemdanganya mtu aliyenishika mkono kaburini. Sijisikii vizuri. Ila nimesoma.

Alhamisi, 12 Juni

Mayu hajala tangu jana. Mama mkwe wangu huyu, tunakaa wote tangu msiba. Nikadhani presha, nimepima, iko sawa. Nimembembeleza mpaka akanipa simu yake, akauliza: "Dominiko kaenda wapi?"

Nilichelewa kuelewa. Dominiko alipowekewa intaneti aliipa waifai jina lake, DOMINIKO, herufi kubwa, na majivuno yake yale. Mayu hajui kusoma, lakini jina hilo mwanawe alimfundisha: vuta kioo chini, mimi hapa. Kumbe kila asubuhi alikuwa analitazama. Miezi mitano nyumba moja, sikujua.

Kaniuliza kama ni mimi niliyemzima. Nikasema hapana mayu, ni kampuni. Uongo wa pili wiki hii. Nimelia bafuni, bomba nimefungulia.

Ijumaa, 13 Juni. Saa mbili asubuhi

Nimeingia kwenye ruta kama Herman alivyonionyesha. Kwenye jina nimeandika DOMINIKO. Paswadi nimerudisha ileile ya zamani, ili simu ya mayu ijiunge yenyewe, asijue kuna kilichobadilika. Ruta ilipowaka upya haikupita dakika, akaniita nione. Kanywa uji vikombe viwili. Moyo umetulia. Napiga pasi sare.

Saa tisa kasoro dakika saba

Vijana wako kwenye uzio.

Mimi huyu, ninayepimia wazazi wodini dawa bila kukosea hata tone. Jina lile, paswadi ile — simu zao zimejiunga zenyewe kama ya mayu. Nimeangalia kwenye ruta, ziko kumi na tisa. Mama Blessing kanipungia mkono kule nje, kasema afadhali imepona. Kompyuta imeandika: subiri, utaitwa. Hayo maandishi yenyewe yamechukua muda kufunguka.

Nikibadilisha paswadi ruta inazima na kuwaka upya. Asubuhi ilichukua dakika kumi. Bando la simu humu ndani halishiki, nilishajaribu Machi. Njia iliyobaki ni kutoka nje na kuwaomba wazime waifai kwenye simu zao. Kusema kwamba haikuharibika, ni mimi. Miezi mitano nimeshindwa kuwaambia neno moja, acheni, nimeona rahisi kuagiza ruta Geita.

Mayu kaleta kigoda, kakaa karibu na kompyuta, simu mapajani. Anasema leo tutafanya mtihani wote watatu. Nimemwambia asiongee nikianza. Kaitikia kwa kichwa.

Kasoro mbili. Naandika nimesimama mlangoni. Wameniona, wameanza kunisalimia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo nesi, na wadogo nao wamenyanyuka. Naitikia marahaba, marahaba, neno lenyewe halitoki. Nyuma yangu kompyuta inaniita jina. Nusu ya jina.