Kidole Kwenye Mstari

Jumapili, 4 Mei 2025

Wiki ya pili Nuha haendi shule. Ana miaka saba na hajui kusoma. Darasani walimweka meza ya nyuma na wenzake wawili, na kila asubuhi tumbo likawa linamuuma. Nikamtoa. Shamte, mume wangu, hakupenda. Baba mtu akaweka sharti: mwisho wa Julai mtathmini, mwenye kuwapima watoto wanaosomea nyumbani, amsikilize. Akisoma, tunaendelea nyumbani. Asiposoma, Agosti anarudi shule na analirudia darasa la kwanza. Nikasema sawa. Na nimeshawatangazia watu msikitini kwamba mwanangu namfundisha mwenyewe – hapo ndipo nilipojifunga.

Sasa mtaala upi? Meza ya kulia chakula haionekani kwa sampuli. Kuna ule wa vigae vya herufi vyenye sumaku. Vitatu vimeshahamia kwenye friji, kimoja hakijulikani kilipo. Kuna wa kwenye tableti, kasuku anampigia mtoto makofi akipatia, na akikosea pia anampigia. Kuna kitabu kinene kinachomwandikia mama kila neno la kusema, mpaka “vizuri sana”. Mimi mkalimani wa simu, wa mahospitali ya hapa Marekani. Kutwa nasema maneno ya watu bila kutia langu. Nyumbani nako? Hapana.

Jumatano, 7 Mei 2025

Nimechagua. Vitabu vidogo kumi na viwili vya Kiingereza, chembamba mpaka kinene kidogo, na daftari la imla. Kiswahili tutakwenda nacho kwa mdomo. Anakisikia chote, anajibu Kiingereza.

Mwongozo wa mzazi unasema usimsomee mtoto kwanza. Mwache alifumbue neno mwenyewe, sauti moja moja. Nimecheka peke yangu. Atasomaje asichosomewa? Chuoni kwetu Mwembeladu, tulikosoma Kurani, mwalimu alisoma, sisi tukafuatisha, kidole kwenye mstari, na wote tulitoka tunasoma. Mwongozo nimeutia droo.

Nimesoma, Nuha kafuatisha. Mara tatu. Mara ya nne kasoma peke yake, ukurasa mzima. Mambo si ndiyo hayo.

Jumamosi, 17 Mei 2025

Kitabu cha saba. Kidole hakikosei mstari. Shamte kasikiliza amesimama na sare yake ya uwanja wa ndege, funguo mkononi, akachelewa kazini kwa ajili hiyo. Alimbusu mtoto utosini, na mimi nikajiona nimeshinda.

Kitu kimoja. Ukimkatiza Nuha, haendelei pale alipoachia. Anarudi juu kabisa ya ukurasa, anaanza upya. Nimependa. Ni nidhamu.

Jumamosi, 31 Mei 2025

Leo tumemfanyia hitima, kama mtoto aliyemaliza Kurani. Wazo la mama mkwe, Bi Kijakazi. Alipiga simu kutoka Unguja juzi. Nikamwambia Nuha kamaliza vitabu vyote kumi na viwili. Akauliza tumewapa watu nini. Nikamwambia ni vitabu vya Kiingereza tu, mama, vya mbuzi na paka. Akasema kumaliza ni kumaliza, mtoto wa watu asiachwe hivi hivi.

Basi. Kahawa, kashata, na haluwa aliyoileta mgeni wa Shamte, kikapu kizima. Watu kumi na tano kwenye nyumba ya vyumba viwili. Nuha kavaa gauni la Idi, kakaa kwenye mto katikati ya mkeka, kasoma kitabu cha kumi na mbili mwanzo mpaka mwisho. Hakukwama hata mahali pamoja! Wanawake wakampigia vigelegele. Bi Kijakazi alikuwa kwenye simu, analia. Mama mmoja kaniuliza nimetumia mtaala gani. Nikamwelezea kirefu, kama niliyeubuni mimi.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu siandiki hivyo mara nyingi.

Jumatatu, 2 Juni 2025

Haluwa inaganda.

Kitabu cha kumi na mbili kilishikwa na kila mkono juzi, na kurasa mbili za katikati zimeshikamana. Asubuhi Nuha alikuwa ananisomea, mimi nafunga nywele. Akafungua kurasa mbili kama moja. Picha iliyo wazi, mbuzi yuko juu ya paa la gari. Nuha anasoma mbuzi kala kofia ya babu. Kidole chake kiko chini ya neno “gari”. Anasoma ukurasa uliofichwa na haluwa, neno kwa neno, na vituo vyake.

Nilimwacha amalize. Nikachukua kitabu cha pili, nikafungua katikati, nikamwekea kidole chini ya neno “kuku”. Akatazama picha. Akanitazama mimi.

“You go first, Mama,” akasema. Bila wasiwasi wowote.

Vitabu kumi na viwili. Amehifadhi vyote kichwani.

Jumanne, 3 Juni 2025

Shamte sijamwambia. Yeye amewarushia jamaa video ya hitima, na ameshampigia mtathmini na kupanga siku: tarehe 23 Julai, maktaba ya Herndon.

Nimempigia Jaël. Ni Mkongo, anakaa Temple Hills, watoto watatu wote kawafundisha nyumbani, tulijuana kazini. Nilidhani atanionea huruma. Kacheka mpaka kakohoa. Akaniuliza kama nilisoma mwongozo. Nikaitazama droo.

“Shida haiko mutoto, dada. Weye unasemaka mbele yake. Mupatie kitabu hajaonaka, ficha ma-images, kisha ufunge kinywa.”

Nikamuuliza nifunge kwa muda gani.

“Mupaka atatafuta ye mwenyewe. Atalia. Na weye utalia. C'est normal, ni kawaida.”

Mwongozo nimeutoa droo. Ukurasa wa pili, wino mweusi mzito, wanasema hayo hayo.

Jumatano, 11 Juni 2025

Idi imepita. Sikuisikia sana.

Tumeanza upya. Kitabu kigeni kwake, karatasi juu ya picha, mimi kimya. Mstari mmoja dakika ishirini. Nuha kasema I'm already done with reading, everybody clapped. Kweli walipiga, na mimi ndiye niliyewaita. Nina aibu. Si mbele ya watu, maana hawajui. Mbele yake yeye.

Nimegundua pia kwamba nikinyamaza, midomo yangu haijanyamaza. Nuha anaisoma. Nafunga leso mpaka puani, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kama ninayejikinga na moshi wa ubani.

Alhamisi, 26 Juni 2025

Neno moja. “Daraja.” Kwa Kiingereza ni gumu, herufi zimebanana. Akaanza, akakwama. Kidole kikarudi – si juu ya ukurasa. Kilirudi mwanzo wa neno. Akajaribu tena. Akarudi tena. Mara ya nne akalitoa, lote, halafu akatazama nje dirishani kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema.

Mwenye kuhifadhi akikwama hurudi mwanzo wa ukurasa. Hii ni mara ya kwanza namwona anarudi mwanzo wa neno. Nimeandika tarehe kwenye kalenda ya friji, chini ya vile vigae vitatu.

Mchana karudia yale yale ya zamani. Ukurasa mzima kabuni kichwani, kwa sauti nzuri.

Jumapili, 13 Julai 2025

Zimebaki siku kumi. Kwa siku nzuri anasoma mistari sita. Kwa siku mbaya ananiimbia.

Leo nimemwambia Shamte. Alikuwa anapiga pasi sare. Nimemweleza habari ya haluwa, ya kurasa, ya mwongozo kwenye droo. Sikujitetea. Akaendelea kupiga pasi mkono mmoja wa shati, muda mrefu, mpaka nikahofia shati.

Halafu akasema yeye alihitimu juzuu ya Amma ya Kurani ana miaka minane, wakachinja mbuzi, na herufi hakuzijua hata moja. Mwalimu aligundua mwaka uliofuata, alipomkuta amekamata msahafu kichwa chini na anasoma sawasawa. Sikuwahi kuisikia hadithi hii, na tuna miaka kumi na moja ya ndoa. Nikacheka. Na yeye akacheka kidogo.

“Lakini mimi sikuwekewa tarehe,” akasema.

Nikamwomba aisogeze. Akasema hapana, tulikubaliana, na mtoto hawezi kungojea heshima yetu sisi. Shamte kasema kweli. Imeniuma, na kasema kweli.

Jumatano, 23 Julai 2025

Saa nne na nusu asubuhi, maktaba.

Mtathmini ni mwalimu mstaafu, bibi wa Kimarekani, viatu vya mazoezi, sauti ya chini. Daftari la imla kalifunua haraka na kulirudisha. Vile vitabu kumi na viwili nilivibeba, sijui kwa nini. Hakuvigusa. Katoa kitabu kwenye mkoba wake, hakina picha hata jaladani. Mimi sijawahi kukiona.

Nuha akanigeukia. “You go first, Mama.”

Mwalimu akasema, kwa upole, huenda ikawa bora mama angojee nje.

Niko nje. Nimekalia kiti cha watoto, magoti yako kifuani. Mlango una kioo chembamba. Namwona Nuha kwa mgongo, na mkono wake wa kulia. Sauti haipiti. Shamte katuma ujumbe, vipi?

Kidole kiko kwenye mstari. Kinatembea. Polepole, polepole zaidi kuliko mwezi wa Mei.

Kimesimama.

Midomo yangu inataka kusema na hata neno lenyewe silijui. Nimeiziba kwa mkono wa kushoto, naandika na wa kulia. Mwalimu amekunja mikono, hamsaidii.

Kidole kimerudi nyuma. Kutoka hapa nilipokaa sioni kama kimerudi mwanzo wa neno, au mwanzo wa ukurasa.