Nyota Niliyoiondoa kwenye Nyimbo za Wimbi

Jumamosi, 1 Machi 2025

Leo duka limefungwa. Mji umetulia, nusu ya watu wako kanisani – Sabato yao. Nimeshinda na kompyuta nikipitia makala za kamusi elezo yetu ya mtandaoni, zile zilizopewa nyota ya "makala nzuri".

Moja imenikera. Nyimbo walizoimba wanawake wa Kisii wakisaga wimbi kwenye jiwe. Ndefu, Kiswahili chake kitamu, lakini chanzo hata kimoja hakuna. Si kitabu, si gazeti. Mwandishi anajiita Mwana wa Msagaji. Aliyeipa nyota ni mhariri mwenzangu, Ogeto wa Nyamira. Huyo naye, moyo laini mno.

Nimependekeza ishushwe hadi mbegu, daraja la chini kabisa. Kwenye ukurasa wa majadiliano nimeandika sababu: "Hakuna uthibitisho kwamba nyimbo hizi ziliwahi kuimbwa na mtu yeyote." Kali kidogo. Lakini imekaa vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Ogeto amenipigia mchana nikiwa dukani. Anasema nyimbo hizo anazijua, nyanya yake alikuwa akiziimba kule Itumbe kabla chai haijameza mashamba ya wimbi. Nikamwambia nyanya si chanzo. Kisha akaniuliza kama ninasikia Ekegusii.

Nikajibu kwamba tunapima marejeo, si lugha.

Miaka sita niko Kisii na ninachojua ni salamu na bei ya ndizi. Sikumwambia hilo.

Nilipokata simu Edinah alikuwa mlangoni na risiti za mbolea mkononi. Yeye yuko kaunta, mimi niko hesabu. Ndiye aliyenipokea nilipokuja kutoka Homa Bay bila kumjua mtu, akanitafutia nyumba, akalala hospitalini nami mtoto wangu Adhis alipougua. "Umemaliza, Achola?" akauliza. Akaweka risiti mezani akaenda.

Jumamosi, 8 Machi

Kura zimetosha. Nyota imeondolewa, aya zisizo na marejeo zimekatwa. Zimebaki sentensi chache na alama ya mbegu. Kazi safi.

Jumatatu, 10 Machi

Edinah hakuja. Mama yake, Bathsheba, alivunjika nyonga mwezi uliopita, yuko kitandani kwao Kenyenya. Bosi anasema kuna jambo nyumbani. Nimempigia, hakushika.

Alhamisi, 13 Machi

Edinah amerudi leo. Alingoja wateja waishe, akaja akaketi mbele yangu. Akasema, "Mwana wa Msagaji ni mimi."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa. Nyimbo ni za mama yake. Alizikusanya tangu mwaka jana, kila alipoenda nyumbani. Hakuniambia kwa sababu hakutaka nimpendelee – alitaka makala isimame kwa miguu yake. Nyota ilipokuja alimwonyesha mama. Mama akawa anamwonyesha kila anayekuja kumjulia hali. Jumapili walikuja watu wa kanisa. Mama akamwambia Jasper, kitinda mimba wao, afungue simu awasomee.

Jasper akafungua. Nyota hakuna, nyimbo hakuna. Akabonyeza kutafuta sababu, akaisoma kwa sauti, mbele ya wageni, kabla hajaelewa anasoma nini. Hakuna uthibitisho kwamba nyimbo hizi ziliwahi kuimbwa na mtu yeyote.

Mama akauliza, "Kwa hivyo mimi ni muongo?" Tangu hapo, anasema Edinah, amegeukia ukuta.

"Ulijua ni mimi niliyeandika?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Jina lako la huko mtandaoni si ulinionyesha mwenyewe? Nikasema ngoja, Achola ataisoma tena, ataona haya."

Sikuisoma tena. Niliisoma ile sentensi yangu tu.

Ningeweza kuandika "vyanzo havitoshi". Maneno mawili, na kanuni ingetosheka. Lile la pili, la kwamba hakuna aliyewahi kuimba, nililiongeza kwa utamu wake. Hakuna kanuni iliyonituma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia Ogeto turudishe. Hakunicheka, afadhali angecheka. Amesema, "Dada, kura ilipigwa. Na hoja tuliyoifuata ni yako. Leta kitabu." Nimefuta maneno yangu kwenye majadiliano, nikaandika mengine ya kuomba radhi. Lakini kila ukurasa hutunza historia yake. Anayetaka atayaona.

Nimetafuta kitabu jioni nzima. Hakipo. Hakuna aliyewahi kwenda kumuuliza mama yeyote.

Jumapili, 23 Machi

Kenyenya. Naandika kwenye benchi, nje ya nyumba ya mama yao.

Edinah alikubali nije, ila njiani hakuongea. Alipoingia alimwita mama yake "baba" – kwao ndivyo mama anavyoitwa, na mimi bado neno hilo hunishtua. Bathsheba amekonda. Akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Ni wewe ulisema hakuna mtu aliimba?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nimesamehea. Sasa hiyo nyota rudisha."

Nikamweleza kwamba siwezi peke yangu, kwamba panatakiwa kitabu. Hata masikioni mwangu ilikuwa aibu. Akauliza, "Na hicho kitabu, nani ataandika? Wewe?" Hakuwa akinikejeli. Alikuwa anauliza.

Nikatoa simu, nikamwomba niirekodi sauti yake. Akaufunika mkono wangu na wake, baridi, mzito kuliko nilivyodhani. "Weka hiyo. Sikiza kwanza."

Akaimba. Sauti ndogo, inayosukuma mbele na kurudi, mbele na kurudi. Mabega yake yakafuata, ingawa nyonga ilimuuma, niliona usoni. Sikuelewa hata neno moja. Nikamgeukia Edinah nikamuuliza anasema nini.

Edinah hakunitafsiria. Alikuwa analia.

Nikatoka, niwaachie chumba. Ndani wimbo unaendelea. Sasa Edinah naye ameingia, sauti yake chini ya ile ya mama yake, na Jasper ameacha kupasua kuni ili asikie. Mlango uko wazi. Hakuna aliyeniita ndani, wala aliyeufunga.