Nyekundu ya Baba Makena

Jumatatu, 4 Agosti
Mimi ni mtu wa bahati. Magari yanajileta. Naamka, nafungua geti hapa Makutano, Meru, kazi inanisubiri kama ng'ombe ya kukamuliwa. Leo ni stesheni wagoni ya marehemu Baba Makena, imetoka Mikinduri ikikohoa. Ilikuwa nyekundu. Sasa ni rangi ya ufizi. Jumamosi inampeleka Makena kwa harusi yake Embu. Mama yake ameapa haipigwi rangi mpya: hii mzee alipiga mwenyewe nyumbani. Ikiisha, imemfuata kaburini. Yangu ni kuing'arisha tu.

Gitonga, mpiga rangi wa ng'ambo ya barabara, amecheka hadi machozi. "Dubai, hiyo utairudisha ikiwa bati!"

Nimeosha magari ya matajiri Dubai. Anaambia nani?

Jumanne, 5 Agosti
Rangi ya kizamani. Haina ile vanishi ya juu. Laini kama siagi. Nimeanza na mlango, mashine polepole, mkono mwepesi. Pedi, ile sifongo ya mashine, imekuwa nyekundu kama nimechinja. Mama Makena alikuwa amekuja kuchungulia. Akapiga nduru: "Mwanangu, unamtoa!"

Nikamweleza inayotoka ni ile iliyokufa juu. Nikapangusa. Akaona uso wake kwa mlango. Akarekebisha kitambaa.

Mimi ni hatari.

Jumatano, 6 Agosti
Mbaya.

Ukingo wa boneti, mbele. Nimepitisha mashine mara moja tu, kijivu ikatoka. Praima, ile rangi ya chini kabisa. Kubwa kama kiganja. Pedi nyekundu, roho nyeusi. Sikula.

Gitonga amevuka na kopo. Si kwa ubaya, nakubali. "Paka kidogo, Dubai. Mama hatajua." Nyekundu yake ni ya lipstiki. Nimekataa. Hii ni baba ya mtu.

Naogopa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwita Mama Makena. Nimemwambia bila mzaha: mama, nimeharibu. Ameweka mkono pale kwa kijivu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hapo ndipo alikuwa anakalia kila Jumapili, akifunga viatu vya kanisa. Suruali yake ndiyo ilikula hiyo rangi. Akawa anaificha na polishi nyekundu ya viatu, ati sijui!"

Kumbe nilitoa polishi ya viatu! Rangi yake pale sijaigusa.

Amesema isifunikwe. Alikuwa akilia na kucheka. Hata mimi, lakini upande wa kulia.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemaliza. Sehemu bapa zote kwa mashine, kingo zote kwa mkono na fulana kuukuu. Nyekundu kama kahawa iliyoiva mtini. Mawingu yanapita juu ya paa ya gari kama yana haraka. Gitonga amesimama mbele ya mlango akichana ndevu. "Wewe ni mchawi," amesema. Nimemwambia kioo ni bure kwa majirani.

Waembu watajua Meru kuna watu.

Jumamosi, 9 Agosti
Imeenda. Kabla ya kuingia, Makena alikalia pale pale kwa kijivu, gauni nyeupe na yote, akafunga viatu. Aliposimama, gauni haikuwa na hata tone la nyekundu. Hiyo ni kazi.

Sasa kunanyunya. Geti iko wazi.

Niliandika magari yanajileta. Uongo. Tangu Juni hakuna gari imeingia hapa. Hii niliifuata mpaka Mikinduri, nikamwomba Mama Makena mara tatu.