Shangazi, Nimefuzu Kufundisha Mbwa

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Machi,
baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko, na habari za goti? Ulipoandika kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi nilicheka peke yangu, maana nakujua: mtu akikukataza ngazi, utazipanda mbili mbili ili umwoneshe. Tafadhali usizipande. Sisi huku hatujambo. Presha ya Baba imeshuka, asubuhi anatembea hadi duka la magazeti na kurudi, na bado anagombana na redio utadhani inamsikia.

Najua nimechelewa kukujibu. Uliniuliza jambo moja tu, nije au nisije, na mimi nikakutumia kadi yenye maua. Usidhani nilipuuza. Ulisema chumba kipo, nafasi kwenye kozi ya kutunza wazee ipo, na mkuu wa kozi mnajuana. Jambo zito kama hilo halijibiwi kwa mstari mmoja. Kwa hiyo nyoosha miguu, nikueleze tangu mwanzo.

Unakumbuka nilikuwa mapokezi kwa daktari wa mifugo. Miaka sita niliandika jina la mnyama, uzito wake na shida yake. Wengi waliletwa kwa minyoo, kupe, mguu uliovunjika. Lakini kila baada ya siku chache alikuja mtu na mbwa mzima kabisa, anakula vizuri, manyoya yanang'aa, na tukifika kwenye shida ananiambia niandike "mkali". Hao hawakurudi nyumbani. Daktari alikuwa akifunga mlango, mimi nageukia dirishani.

Siku moja alikuja mama mmoja na mbwa wa rangi ya majivu. Waliketi kwenye benchi karibu saa nzima, mbwa kalaza kichwa juu ya kiatu cha yule mama. Nikamuuliza mbwa amefanya nini. Akasema, "Amemng'ata mwanangu. Kwa nini, sijui, dada. Ningejua nisingemleta hapa." Neno hilo nilirudi nalo nyumbani. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Daktari ndiye aliyeniambia habari za kituo cha mafunzo. Kipo nyuma ya kiwanda cha mbao, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka mlangoni petu. Miaka yote nilisikia mbwa wakibweka kule nikidhani wanalinda mbao! Kozi ni ya miezi tisa, Jumatano mchana na Jumamosi kutwa, na mwisho wake kuna mtihani wa kuandika na wa vitendo mbele ya watahini wanaotoka nje. Ukifaulu, unaruhusiwa kufundisha mbwa wa watu na kutoa ushauri juu ya wale waliong'ata.

Shida ilikuwa Baba. Wewe ni dada yake, lakini uliondoka kabla hajaanza kazi ya kusoma mita za maji, kwa hiyo hujui ilimfanya nini. Miaka thelathini na moja alifungua mageti ya watu. Aling'atwa mara tatu. Hadi leo akisikia mbwa anakwaruza mlango wa jirani, anahamisha kikombe chake mkono wa pili. Nilipomwambia nimejiandikisha, aliweka kijiko chini.

"Siku hizi mbwa wanasoma?"

"Ninayesoma ni mimi, Baba."

"Shangazi yako anakuita ukatunze watu, wewe unakimbilia mbwa."

Akamaliza chakula, akaenda kuosha sahani yake. Wiki tatu nzima tuliishi kwa "ndiyo" na "hapana". Jumamosi nikirudi na manyoya kwenye sketi, alisogeza kiti chake pembeni, bila hasira, kama mtu anayekwepa moshi. Ningependelea agombe. Na huko nje fundi viatu wa kwenye kona akanibatiza Mwalimu wa Mbwa; kila nikipita anauliza kama darasa la kwanza wameshajua kuhesabu.

Kozi yenyewe iliniumbua. Si mliniita Kidomo kwa sababu sijui kunyamaza? Mkufunzi wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alinisikiliza nikimbembeleza mbwa: kaa basi, kaa mpenzi, si nimekuambia ukae, mbona hukai. Akaniuliza, "Katika maneno yote hayo, achukue lipi?" Wenzangu wakacheka hadi wakashika mbavu. Nikajifunza kusema mara moja, kisha kusubiri. Kusema si kazi, Shangazi. Kazi ni kule kusubiri, mikono imetulia, huku mbwa anawaza na wewe huna la kumsaidia.

Kilichonishinda ni kusoma ishara. Kwenye kitabu nilizijua zote: mkia, masikio, mgongo. Mbele ya mbwa aliye hai nilichelewa kila mara. Katika jaribio la mwezi mmoja kabla ya mtihani nilipata alama ya aibu, nikarudi nyumbani, nikafungua daftari mezani na kuanza kukariri kwa sauti kama mtoto wa shule. Baba alikuwa akisikiliza taarifa ya habari. Akazima redio. Unajua Baba hazimi redio.

"Umeandika nini hapo juu ya anayebweka?"

Nikamsomea: mbwa anayebweka anatoa onyo.

"Sawa. Na anayenyamaza?"

Nikapekua daftari; hakuwamo.

"Anayebweka hana neno. Anasema ondoka, unaondoka, mmeelewana. Walioning'ata mimi, wote watatu walikuwa kimya. Kwanza mdomo u wazi, ulimi nje, anahema. Halafu anaufunga. Haonekani tena kuhema. Anasimama kama picha, na jicho linatoa weupe pembeni. Hapo una muda wa kuhesabu moja. Ukifika mbili, una bahati."

Akapandisha mguu wa suruali, akanionesha kovu kwenye kigimbi. Nimeishi naye maisha yangu yote na sikuwahi kuliona kwa karibu hivyo. "Huyu nilimtazama mkia," akasema. "Ulikuwa unatikisika. Nikajisemea, huyu amefurahi."

Tukakaa hadi chai ikapoa vikombeni. Alinipitisha geti kwa geti, mtaa kwa mtaa. Alikumbuka mbwa ambao hata wenye nyumba wameshawasahau, yupi alijificha nyuma ya pipa, yupi alitulia mpaka umpe mgongo. Nimefikiri sana juu ya jioni ile. Sisi tunaowapenda mbwa tunawatazama tukitafuta mapenzi, na tunayapata hata pasipokuwapo. Yeye aliwaogopa, kwa hiyo aliwatazama kweli.

Siku ya mtihani ikafika. Wa kuandika ulipita salama. Wa vitendo tulipigiwa kura, na mimi nikaangukia mbwa dume wa kahawia mwenye masikio makubwa yaliyoning'inia. Alitembea nami kamba ikiwa legevu, akakaa, akalala, akabaki pale nilipomwacha. Moyo ukaanza kuimba. Zoezi la mwisho lilikuwa la mgeni: msaidizi wa mtahini anakuja, anamsalimia mwenye mbwa, kisha anamshika mbwa kichwani.

Msaidizi akaja akitabasamu, mkono mbele. Mbwa wangu alikuwa anahema vizuri tu. Msaidizi alipobakisha hatua nne, mbwa akafunga mdomo.

Sikungoja kuona weupe wa jicho. Nikainua mkono. "Simama hapo hapo, tafadhali."

Mtahini akainua uso kutoka kwenye karatasi zake. "Endelea. Mbwa huyu amefanya zoezi hili mara tatu tangu asubuhi."

"Siendelei."

"Ukikomea hapo, sehemu hii huna alama."

"Najua," nikasema. Nikamgeuza mbwa polepole, nikaenda naye upande wa pili wa uwanja, nikakabidhi kamba. Kisha nikaenda nyuma ya banda nikalia. Miezi tisa, Shangazi, na nilikuwa nimeibomoa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ya mdomo wa mbwa uliofungwa.

Mkufunzi wetu alikuwa ameona yote. Alimpeleka dume kwa daktari mchana ule ule. Walimvalisha kifunga mdomo, na daktari alipogusa tu upande wa kushoto wa kichwa, aligeuka kama umeme. Ndani ya sikio kulikuwa na usaha. Mara tatu alikuwa ameshikwa pale tangu asubuhi, naye akavumilia. Mara ya nne angemng'ata yule msaidizi, na baada yake bila shaka mtu angeandika "mkali".

Alama sikurudishiwa. Kanuni ni kanuni. Niliambiwa nirudie zoezi lile baada ya wiki mbili, kwa mbwa mwingine. Mtahini hakuniomba radhi, wala sikumtarajia. Aliniuliza tu, "Mkono wako ulipanda mapema mno. Umefundishwa na nani?" Nikamjibu, na msoma mita. Akadhani namtania.

Nikarudia, nikapita. Cheti kilifika Alhamisi, na jina langu limeandikwa bila kosa, jambo ambalo hata shuleni halikuwahi kutokea. Baba alikishika kwa kingo, akakisoma chote hadi mstari wa mpiga chapa kule chini. "Karatasi nzito hii," akasema. Bado hapendi mbwa, na mimi sitamletea mbwa humu ndani. Lakini juzi alimwambia fundi viatu kwamba ana binti mtaalamu, na fundi viatu akakosa la kusema, jambo ambalo nalo halijawahi kutokea.

Kesho naanza kazi yangu ya kwanza. Ni familia ya mtaa wa pili, mbwa wao alimng'ata mpwa wao mkononi. Wamekubali kusubiri wiki sita kabla ya kuamua. Nina hofu kuliko siku ya mtihani.

Sasa jibu lako.

Jana niliandika barua nyingine kabla ya hii. Nilieleza kwamba siwezi kuja kwa sababu Baba anazeeka, presha haitabiriki, na nani atampikia. Ilikuwa barua nzuri, yenye kutia huruma. Baba akaniomba nimsomee, kwa vile hapendi nikuandikie bila yeye kujua. Nikasoma hadi mwisho.

"Ichane."

"Kwa nini, Baba?"

"Mimi napika. Nafua. Presha ina dawa zake. Usinifanye kisingizio kwa dada yangu. Kama huendi, mwambie huendi kwa sababu gani."

Nikaichana mbele yake.

Siji, Shangazi. Ile nafasi mpe mwingine, na usiniwekee chumba. Sibaki kwa ajili ya Baba. Nabaki kwa sababu nimepata kazi ninayoamka nikiitaka, na katika umri wangu huu sikuwahi kujua kuna kuamka kwa namna hiyo. Huenda utasema nimeipiga teke bahati. Kuna siku nami nasema hivyo. Lakini ikiharibika, usimlaumu kaka yako; nilikuwa na mlango wazi mbele yangu, nikauona vizuri, na sikuupita.

Najua ulikwishanunua shuka za kile chumba. Nisamehe kwa hilo kuliko yote.

Msalimie sana mumeo, na umwambie mzaha wake wa simu iliyopita nimeuelewa juzi. Wabusu wajukuu, wale pacha, hasa yule anayedai yeye ndiye mkubwa. Baba anakusalimu, anasema uandike herufi kubwa, macho yamechoka. Mungu akutunze huko ugenini, akulainishie goti, na akupe moyo wa kunielewa hata kama si leo.

Mimi nikupendaye, hata ninapokukatalia,

Kidomo wako.