Kifungo Kimoja, Sauti Mbili

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila mgongo bado unanitesa. Mzigo wako umefika. Niliposoma juu yake "kinanda cha mvukuto" nikalia. Tangu daktari anikataze kubeba kodiani, bendi ya harusi imempa nafasi yangu bwana mmoja mwenye kinanda cha umeme. Miaka kumi na tisa imeisha hivyo hivyo.

Nikafungua. Mwanangu, wamekuuzia kodiani iliyong'olewa meno! Haina vibao vya piano, haina mikanda ya mabegani. Ni sanduku la pembe nne lenye vifungo huku na huku kama koti la mlinzi. Tena bovu. Nikibonyeza kifungo huku navuta, linasema hivi. Nikisukuma, kifungo kilekile kinageuza maneno. Nimempa fundi redio alitengeneze.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na mgongo. Mimi mzima, ila barua yako imenitia homa. Mnyang'anye fundi!

Hiyo si kodiani, ni bandoneoni. Mzee mwenye duka ninapouza vinanda kanieleza mpaka chai ikapoa. Kodiani unaivaa kifuani. Hii unaikalisha magotini, ndiyo maana nikakununulia. Kodiani, kifungo kimoja cha mkono wa kushoto kinakupa sauti tatu zilizokwisha kupangwa. Hapa kila sauti unaitafuta mwenyewe. Na kusema mawili ndiyo tabia yake: ukifungua neno hili, ukifunga lile. Zipo konsetina zenye tabia hiyo pia, lakini zile ni ndogo, za viganjani. Hii ina vifungo sabini na kimoja.

Umemwahi fundi?

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nimemwahi, bisibisi mkononi.

Ila hiki kitu kimenishinda. Sauti moja iko hapa, jirani yake kahamia mtaa wa pili. Baba yako anasema ni kama ukoo wake: ukiwavuta wanakubali, ukiwasukuma wanakana. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Nilikuwa mpigaji, mwanangu. Usinitumie kitu tena.

Mama yako

20 Mei

Shikamoo Mama,

Natumaini mnaendelea vizuri. Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu. Kama zawadi imekuwa ugomvi, mrudishie fundi aing'oe hata mbavu. Lakini niandikie japo mistari miwili.

Mwanao

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba zote tatu. Mikono haikuwa na nafasi ya kalamu.

Niliamua nijifunze kuvuta tu. Mvukuto ukifika mwisho, kuna wenzo chini ya kidole gumba unaotoa hewa. Nafunga upesi, naanza upya. Jumamosi binti wa jirani kaolewa. Bwana wa umeme alipokwenda kula, nikaburuta kiti hadi mbele, nikakaa, nikapiga. Kila nikifunga, kitu kinashusha pumzi: haaah! Wageni wakadhani kinalia. Mama wa bibi harusi akaanza kulia, shangazi wanne wakamfuata. Bwana harusi akauliza, "Kwani kafa nani?"

Kiongozi wa bendi akanijia. "Jumamosi ijayo utakuja?"

"Nitakuja. Nitakaa mbele."

"Kiti kipo, mama."

Leo asubuhi nimeanza kujifunza kusukuma. Baba yako amehamishia chai yake uani.

Mama yako, mpigaji